Deni la Boti za Jodari na Mvuvi Asiyeitwa Mahakamani

Kuna boti 24 za uvuvi zilizoundwa Cherbourg, Ufaransa, zikapelekwa Maputo, zikafungwa gatini hadi zikaota kutu. Zilinunuliwa ili zikavue jodari. Kampuni iliyozinunua, EMATUM, ilikuwa mojawapo ya kampuni tatu zilizoundwa chini ya kivuli cha idara ya ujasusi ya Msumbiji. Nyingine mbili zikiitwa ProIndicus na MAM. Kati ya mwaka 2013 na 2014 kampuni hizo zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kupitia benki ya Credit Suisse ya Uswisi na benki ya VTB ya Urusi. Waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alitia saini dhamana kwamba zikishindwa kulipa, serikali italipa. Bunge halikuombwa idhini. Ilipofika 2016, gazeti la Wall Street Journal likafichua kwamba kulikuwa na mikopo iliyozikwa, ndipo Wamsumbiji walipojua kuwa wanadaiwa kitu wasichokiomba wala kukiona.

Tangu hapo haki imetafutwa Johannesburg, Maputo, Brooklyn na London. Watu wamefungwa. Benki imetozwa faini. Jaji wa London ametoa hukumu ya mamia ya mamilioni ya dola. Ni kesi chache mno za ufisadi wa kimataifa barani Afrika zilizofuatiliwa mbali kiasi hicho, na ndiyo sababu nimeichagua hii. Tukitaka kujua mfumo wa haki unamfikisha wapi mtu wa chini pale unapofanya kazi yake, tuuangalie mahali ulipofanya kazi, kisha tumtafute mvuvi ndani yake.

Mimi nimemtafuta na simwoni.

Amu, yaani Lamu ya Kenya ninakotoka, na Maputo ziko mbali, lakini pwani ni moja. Watu wa Ibo na visiwa vya jirani, kaskazini ya Msumbiji, huzungumza Kimwani, lugha ambayo Mswahili akitega sikio huokota maneno mengi ya kwao. Majahazi yalishuka na kaskazi na kupanda na kusi kwenye pwani hii kabla hapajakuwa na mpaka wala pasipoti. Jodari anayepita nje ya Kizingitini, huku kwetu Lamu, ni jamaa ya yule aliyeandikwa kwenye mpango wa biashara wa EMATUM. Na shida ya mvuvi ni ile ile huku na kule: barafu ikikosekana, bei ya samaki anaipanga dalali, injini ikiharibika, msimu umekwenda. Mabilioni yakikopwa kwa jina la samaki, mtu wa kwanza wa kuulizwa ingekuwa ni huyu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Deni walilolifikiria lilikuwa na mkopaji anayejulikana, na aliyekopa ndiye aliyekula. Hili la Msumbiji limekopwa na wengine, limeliwa na wengine, na linalipwa na ambaye hakuwapo. Mwaka 2017 kampuni ya uchunguzi ya Kroll, iliyoajiriwa kukagua hesabu hizo, ilisema dola milioni 500 hazikuweza kuelezwa zilikwenda wapi, na kwamba boti na vifaa viliuzwa kwa bei iliyozidi thamani yake kwa takriban dola milioni 713. Hiyo ndiyo pesa. Sasa tufuate haki.

Desemba 2018 Chang alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Johannesburg kwa hati ya Marekani. Alikaa korokoroni Afrika Kusini zaidi ya miaka minne huku nchi mbili zikimgombania: Marekani ikimtaka, na Msumbiji nayo ikisema arudishwe kwao. Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulizingatia. Waliokwenda mahakamani Afrika Kusini kupinga asirudishwe Msumbiji walikuwa Wamsumbiji wenyewe, muungano wa mashirika ya kiraia uitwao FMO. Hawakuamini kwamba akirudi nyumbani ataguswa. Fikiria uchungu wa raia anayesimama mbele ya jaji wa nchi nyingine na kumwomba mwizi wake apelekwe nchi ya tatu, kwa sababu ndiko kuliko na matumaini kidogo. Walifanikiwa. Julai 2023 Chang alipelekwa New York, Agosti 2024 baraza la mahakama la Brooklyn likamkuta na hatia, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 8 na nusu.

Alishtakiwa kwa lipi hasa? Kwa njama ya kulaghai na ya kutakatisha fedha. Na aliyelaghaiwa, machoni pa mahakama ile, ni mwekezaji aliyenunua hatifungani, yaani vipande vya mkopo ule vilivyouzwa sokoni, bila kujua kwamba sehemu ya fedha zake ilikuwa inakwenda kwenye hongo. Marekani ilikuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi kwa sababu wawekezaji wake waliguswa na dola zilipitia mabenki ya New York. Siilaumu mahakama ile. Ilifanya kazi iliyopewa na sheria yake. Lakini tusijidanganye kwamba ilikaa kuamua dhuluma aliyofanyiwa mwanamke wa Mocímboa da Praia aliyekosa dawa zahanati. Yeye hakuwa kwenye hati ya mashtaka. Kwa sheria hiyo, aliyeibiwa ni yule aliyekopesha.

Benki nayo ikafikiwa. Wafanyakazi watatu wa zamani wa Credit Suisse walikiri makosa mwaka 2019. Oktoba 2021 benki yenyewe ikakubali kulipa takriban dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza. Pesa hizo zikaingia kwa mamlaka za huko. Msumbiji ikasamehewa dola milioni 200 za deni, na msamaha huo ukahesabiwa kama sababu ya kuipunguzia benki faini yake Uingereza. Yaani benki iliyosaidia kumtwika mtu mzigo ilipunguziwa adhabu kwa kumwondolea sehemu ya mzigo huo huo. Sijaona hesabu ya haki inayokubali jambo hilo.

Maputo nako, kuanzia Agosti 2021, washtakiwa 19 walifikishwa mbele ya jaji katika hema lililosimamishwa ndani ya gereza lenye ulinzi mkali, na nchi nzima ikafuatilia kwenye televisheni. Desemba 2022 watu 11 walikutwa na hatia, akiwemo Ndambi Guebuza, mtoto wa rais wa zamani. London, Julai 2024, Jaji Robin Knowles aliamua kwamba Privinvest, kundi la kampuni za kuunda meli lililouza boti zile, lilimhonga Chang, na akaipa Msumbiji zaidi ya dola milioni 825. Huo ni ushindi, na mawakili walioupigania wanastahili heshima. Tofauti ya kushinda kesi na kukamata pesa, hata hivyo, anaijua kila mtu aliyewahi kudai deni kortini.

Wakati huo huo, hatifungani ya EMATUM ilibadilishwa mwaka 2019 ikawa hatifungani mpya ya dola milioni 900, ambayo malipo yake yanakwenda hadi 2031. Utafiti wa kituo cha uadilifu cha Msumbiji, CIP, na taasisi ya CMI ya Norway, uliotolewa 2021, ulikadiria kwamba kashfa hiyo iliigharimu nchi dola bilioni 11 na kuwasukuma watu karibu milioni 2 kwenye umaskini, kwa sababu wafadhili walisitisha misaada ya bajeti, sarafu ikaporomoka na huduma zikakatwa. Weka dola bilioni 11 upande mmoja. Upande wa pili weka kifungo cha miaka 8 na nusu, faini zilizobaki ughaibuni, msamaha wa dola milioni 200 na hukumu inayosubiri kutekelezwa. Barazani kwetu watu husema wezi wakubwa hawafungwi. Kesi hii inaonyesha kwamba wanaweza kufungwa, na bado aliyeibiwa akaendelea kulipa.

Hilo ndilo ninalotaka tulikazie macho. Mijadala yetu ya ufisadi, kuanzia kashfa ya Goldenberg hadi leo, imekuwa ikizunguka swali la nani atafungwa. Ni swali halali. Kifungo peke yake hakinunui injini ya boti. Swali la nani atalipwa, kwa mkono wa nani, na kama yeye mwenyewe alikuwapo makubaliano yakitiwa saini, hatujalishika kwa nguvu ile ile.

Majirani zetu wa Tanzania wanayo kumbukumbu yake: chenji ya rada. Kampuni ya silaha ya Uingereza, BAE Systems, iliiuzia Tanzania rada ya pauni milioni 28. Uchunguzi ulipoiva, kampuni ilikiri mwaka 2010 kosa la kutotunza hesabu sawasawa, ikapigwa faini ya pauni 500,000, ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Pesa zikawa vitabu na madawati ya shule za msingi. Ni jambo jema. Mtoto aliyepata dawati hana haja ya kujua lilitoka wapi. Lakini ona lilivyofikiwa. Kosa lililokubaliwa ni la uandishi wa hesabu. Hakuna Mtanzania aliyesimama mbele ya mahakama ya Southwark, London, kusema rada ile ilimnyima nini. Kiasi kilipangwa na kampuni na waendesha mashtaka wa Uingereza, na wananchi wakapokea kama mtu anayepokea sadaka.

Kenya tumepokea kidogo kuliko hapo. Kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman ya Uingereza ilihukumiwa kwa kuwahonga maafisa wa uchaguzi na wa mitihani wa Kenya ili ipewe kazi ya kuchapa karatasi; hongo ziliitwa "kuku" katika barua zao. Mmoja wa wakurugenzi wake alifungwa miaka mitatu mwaka 2015. Pesa zilizotaifishwa, kiasi cha pauni 349,000, zilirudi 2017 zikanunua ambulensi saba. Ambulensi zilihitajika, sibishi. Ila hongo ile iligusa kura za nchi nzima, na sisi wenye kura hatukuulizwa chochote, si hasara yetu ni ipi wala irudi kwa njia gani.

Halafu kuna Jersey, kisiwa kidogo chenye mabenki makubwa. Mwaka 2011 kilitaka kukabidhiwa Wakenya wawili, aliyekuwa waziri na aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme, kwa madai ya hongo zilizopitia kampuni iitwayo Windward Trading. Wawili hao wamekana madai. Kampuni yenyewe ilikiri mwaka 2016, na zaidi ya pauni milioni 3 zikataifishwa. Hapa nyumbani, mahakama zetu zilitumia miaka mingi kubishana ni ofisi ipi yenye mamlaka ya kupeleka ombi la kumkabidhi mshukiwa, ya Mwanasheria Mkuu au ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Bishano lile lilifika hadi Mahakama ya Juu. Nchi inayotaka haki ingelimaliza jambo kama hilo kwa kurekebisha sheria bungeni.

Na tusisahau kwamba mahakama za nje zinaweza kutugeukia. Kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa ya mikataba 18 ya vifaa vya usalama yenye thamani ya takriban dola milioni 770. Mradi wa pasipoti ulioiibua, ambao kampuni ya Ufaransa ilikuwa tayari kuufanya kwa yuro milioni 6, ulitolewa kwa Anglo Leasing kwa yuro milioni 30. John Githongo, mshauri wa rais kuhusu ufisadi aliyeufichua, alilazimika kukimbilia uhamishoni. Kisha kampuni mbili za mikataba hiyo zikaishtaki Kenya London na Geneva, zikashinda, na mwaka 2014 serikali ikazilipa takriban shilingi bilioni 1.4, kwa sababu ilitaka kuuza hatifungani ya kimataifa na haikuweza kuingia sokoni ikiwa na hukumu shingoni. Mwezi uliofuata ikakopa dola bilioni 2. Mwaka 2024 mojawapo ya kesi za Anglo Leasing za hapa nyumbani ikaisha kwa washtakiwa kuachiliwa. Kampuni hewa zilijua njia ya kortini kuliko sisi. Walioishi katika kipindi kile wataikumbuka pia meli ya jeshi la majini, Jasiri, iliyoagizwa 2003 na kufika Mombasa 2012, baada ya kukaa miaka Uhispania katikati ya ugomvi wa mkataba. Maji ambayo ilikusudiwa kuyalinda ni haya ya kwetu.

Kuna sababu nyingine ya kutoegemea sana Brooklyn. Sheria ya Marekani ya 1977 inayokataza kampuni kuwahonga maafisa wa nchi za nje ndiyo iliyokuwa rungu kubwa kuliko yote. Februari 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kusitisha utekelezaji wake kwa muda, na Juni mwaka huo kazi ikarudi chini ya miongozo mipya inayotanguliza kesi zinazodhuru maslahi ya Marekani. Sishangai, kila nchi huangalia lake. Haki ya mvuvi wa Afrika iliyotundikwa kwenye kalamu ya rais wa nchi nyingine haina mizizi.

Wapo wanaopendekeza mahakama ya kimataifa ya kupambana na ufisadi. Mark Wolf, aliyekuwa jaji wa Marekani hadi 2025, amekuwa mstari wa mbele kwa zaidi ya miaka kumi akiitetea fikra hiyo. Naiunga mkono, kwa sharti moja: isiwe mahakama ya kufunga watu tu. Na nikisema kweli, viongozi wanaotakiwa kuiridhia ni wale wale ambao wangekuwa wa kwanza kuiogopa. Tuendelee kuidai, lakini tusikae tukiisubiri ilhali kuna mlango uko wazi mlangoni petu na hatujaingia.

Mlango huo ni huu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Ufisadi ulifunguliwa kutiwa saini Mérida, Mexico, tarehe 9 Desemba 2003. Nchi ya kwanza duniani kuuridhia, siku ile ile, ilikuwa Kenya. Ibara ya 35 ya mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe kwamba mtu au taasisi iliyopata hasara kwa sababu ya ufisadi ina haki ya kumshtaki aliyehusika na kudai fidia. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi. Kifungu chake cha 51 kinasema, kwa maana yake, kwamba mtu anayefanya jambo la ufisadi atawajibika kumlipa fidia kamili yeyote aliyepata hasara kutokana nalo. Yeyote. Hakikusema serikali peke yake, wala hakikusema EACC, tume yetu ya kupambana na ufisadi.

Kwa mazoea, kazi ya kudai imeachiwa tume, na tume hudai kwa niaba ya serikali, na pesa zikipatikana huingia Hazina. Kwa ufisadi wa ndani utaratibu huo unaweza kuvumilika. Kwa ufisadi wa kimataifa una ufa mkubwa, kwa sababu katika mikataba hii aliyetia saini mara nyingi ni serikali yenyewe. Waziri anahongwa, mkataba unasainiwa, kisha serikali hiyo hiyo inahesabiwa kuwa ndiyo iliyodhulumiwa na ndiyo ya kupokea fidia. Msumbiji ilishinda London kama dola. Fedha zikipatikana zitaingia kwenye bajeti ya dola. Nani atahakikisha zinafika Ibo?

Watu wa Amu wanaweza kujibu swali hilo kwa ushahidi, maana walikwisha kulifanya jambo lenye umbo hilo. Kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliyofunguliwa 2012 kuhusu bandari mpya ya Lamu, haikuwa kesi ya ufisadi, na sitaki mtu aichanganye. Ilikuwa ya haki za kikatiba: mazingira, utamaduni, habari, na haki ya wavuvi wa jadi katika maji yao. Lakini angalia nani alikuwa mdai. Hawakusubiri wizara iwasemee. Walikwenda wenyewe Mahakama Kuu ya Malindi, na mwishoni mwa Aprili 2018 majaji wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mahakama ilikubali kwamba mvuvi asiye na hati ya kumiliki bahari ana kitu kinachoweza kuharibiwa, na kwamba kitu hicho kina bei.

Hapo ndipo uamuzi ule unapokutana na kifungu cha 51. Hoja kubwa ya wanaopinga wananchi kudai fidia ya ufisadi ni kwamba hasara imetawanyika kwa watu wengi mno, haihesabiki, na hakuna anayeweza kusema "mimi ndiye niliyeibiwa." Malindi imeshaonyesha kwamba jamii ya maelfu inaweza kutambuliwa, kuhesabiwa na kupewa kiwango. Ikiwa kuchimbwa kwa mkondo wa bahari kunaweza kupimwa kwa shilingi kwa kila mvuvi, basi mkataba wa gati, wa barabara au wa kiwanda cha barafu ulioongezwa bei kwa sababu ya hongo unaweza kupimwa pia. Si rahisi. Kuthibitisha kwamba hongo fulani ndiyo iliyoleta hasara fulani ni kazi nzito, na mawakili wa upande wa pili watakuwa wa ghali na wengi. Lakini kesi nyingi za aina hii huja na ushahidi uliokwisha kukusanywa kwingine: kampuni ikikiri London au New York, maelezo ya kukiri kwake huchapishwa hadharani, yakiwa na tarehe, kiasi na akaunti. Kwa nini kukiri huko kuwe mwanzo wa faini ya Uingereza tu, kusiwe pia mwanzo wa kesi ya fidia Malindi?

Lazima niseme pia kilichofuata baada ya 2018, kwani haitakuwa uaminifu kuisifu hukumu na kunyamazia utekelezaji. Ilifuata rufaa, yakafuata mazungumzo, kukawa na ubishi wa orodha ya majina, na fidia ikagawanywa, sehemu taslimu na sehemu vifaa na miradi. Kuna wazee waliokuwa na nguvu za kuvuta nyavu kesi ilipofunguliwa, na ambao hawakuishi kuiona senti yake. Ucheleweshaji wa namna hiyo ni dhuluma ya pili, na anayetaka kufungua kesi ya ufisadi wa kimataifa ajue kwamba utakuwa mrefu zaidi. Yataka mfuko wa kugharamia kesi, na yataka mawakili vijana wa Malindi na Mombasa wanaoisoma sheria ya fidia ya ufisadi kama wanavyoisoma ya ardhi.

Jambo lingine ni habari. Madeni ya Msumbiji yaliwezekana kwa sababu yalifichwa; kama Bunge lingeiona mikataba ile 2013, mbunge mmoja mwenye kikokotoo angeuliza kwa nini boti zinagharimu hivyo. Wamsumbiji walijifunza. Raia 2,000 walitia saini ombi kwa Baraza la Katiba, na Juni 2019 baraza hilo likatangaza kwamba mkopo wa EMATUM na dhamana yake vilikuwa batili. Wengine walivaa fulana zilizoandikwa kwamba wao hawalipi madeni yaliyofichwa. Sisi tulikopa mabilioni ya dola kwa reli ya SGR mwaka 2014, na ilikuwa Novemba 2022 serikali ilipotoa sehemu ya mikataba yake, ikiwa na kifungu cha usiri na sharti la kupeleka migogoro kwenye usuluhishi Beijing. Miaka minane. Katiba yetu, katika Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Ibara ya 201 inataka uwazi katika fedha za umma. Mkataba wa usiri hauwezi kuwa juu ya Katiba, na ni ajabu tulivyouzoea.

Lamu tuna sababu ya kulishughulikia hili mapema kuliko wengine. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na mpango wa LAPSSET, wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, bado una barabara, mabomba, reli na eneo la viwanda kwenye karatasi, kila kimoja kikiwa na mkopo wake, mkandarasi wake wa nje na benki yake ya nje. Mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi ulizuiwa Juni 2019, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilipofuta leseni yake, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliouzuia walianza kwa kuomba hati, kuzisoma na kuuliza maswali, kabla ya kufika mbele ya baraza. Kazi hiyo hiyo yafaa ifanywe kwa mikataba ya fedha: nani anakopesha, riba ni kiasi gani, dhamana imetiwa saini na nani, kampuni inayolipwa inamilikiwa na nani hasa. Kenya ina kanuni tangu 2020 zinazozitaka kampuni zisajili wamiliki wake halisi. Rejista hiyo mwananchi wa kawaida hawezi kuifungua akaisoma. Ifunguliwe, angalau kwa kila kampuni inayopata pesa za umma.

Na kuna jambo dogo la kufanya kila siku. Kesi ya Malindi ilipofika kwenye kulipa, ugomvi mmojawapo ulikuwa ni nani mvuvi na nani si mvuvi. Daftari la BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, linaloandikwa kila jioni, boti ipi imetoka, imeleta kilo ngapi, zimeuzwa bei gani, ni ushahidi ambao hakuna wakili wa London atakayeweza kuupuuza. Kizingitini, Faza, Matondoni, Amu, Mokowe: daftari likiandikwa vizuri, hasara ya mtu inakuwa na tarehe.

Kwa Bunge la Nairobi nina dai moja, nalo ni mahususi. Sheria yetu ya 2011 ya kusaidiana na nchi nyingine katika mashtaka irekebishwe, ili kampuni ya nje inapofikia makubaliano na waendesha mashtaka wa kwao kuhusu hongo iliyotolewa Kenya, serikali yetu ilazimike kuitangaza habari hiyo, kwa Kiswahili na Kiingereza, katika kaunti iliyoguswa na mradi husika, na kuwapa wananchi wake muda wa kupeleka madai yao kabla ya makubaliano kufungwa. Waendesha mashtaka wa Uingereza, kwa miongozo waliyoichapisha 2018, wanasema wako tayari kufikiria fidia kwa waathiriwa walio nje ya nchi yao. Sijasikia ofisi yoyote ya serikali yetu ikija Lamu kuwaambia wavuvi kwamba miongozo hiyo ipo.